Mbwa wa Bweni la Wasichana

Kanuni iliyokataza wanyama bwenini niliiandika mimi mwenyewe, na niliiandika kwa sababu ya kuku. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mgeni katika chuo cha ualimu kilichokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mafinga, na juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili nilikabidhiwa ulezi wa bweni la wasichana. Muhula wangu wa kwanza tu, mwanachuo mmoja alificha tetea kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akitumaini kwamba atalalia mayai na kutotoa kabla ya likizo. Harufu ndiyo iliyomchongea. Nikaketi kwenye mashine ya chapa ya ofisini, nikaongeza mstari mmoja mwishoni mwa orodha: ni marufuku kuingiza mnyama wa aina yoyote bwenini. Nikaibandika karatasi mlangoni, nikaona nimefanya kazi ya maana.

Niseme pia kwamba mbwa nilikuwa nawaogopa. Kwetu ni kwenye milima inayoutazama mji wa Mbeya, tulikolima viazi na pareto, na mbwa wa jirani aliwahi kuniuma shavu la mguu nikiwa njiani kwenda shule ya Jumapili. Kovu lipo mpaka leo.

Mwaka uliofuata, katikati ya miaka ya sabini, alikuja msichana kutoka uwanda wa Usangu. Kwao walikuwa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Alikuja na baba yake, mtu mrefu aliyevaa koti kuukuu juu ya shuka, na nyuma yao alikuja mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Nilimwamkia mzee, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka, "Mwalimu, hii mbwa ni ya mtoto. Italala kwake."

Nilimwonyesha karatasi mlangoni. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo binti yake alimsomea kwa sauti ya chini. Wakatazamana. Ningekuwa nimekomaa kidogo ningeuliza mbwa huyo ni wa nini. Sikuuliza. Nilisema tu kwamba kanuni ni kanuni kwa wote, nikageukia mgeni mwingine aliyekuwa anasubiri kupewa godoro. Mzee alimfunga mbwa kamba ya katani, akaanza kumvuta kuelekea barabarani. Mbwa alikaza miguu na kugeuza shingo nyuma kila hatua, na msichana alisimama pale pale mpaka walipopotea kwenye misonobari.

Katika fomu ya kujiunga na chuo kulikuwa na swali kuhusu maradhi. Yeye alikuwa amejaza: hakuna.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, alikuwa kwenye zamu ya jikoni. Nilisikia kelele nikiwa nakagua vitanda, nikakimbia. Wasichana walikuwa wanatoka jikoni kwa kusukumana, wengine wameziba midomo kwa kanga, na mmoja alinipiga kikumbo bila hata kuniona. Ndani, msichana wa Usangu alikuwa sakafuni, mwili wote unatikisika, povu mdomoni. Alikuwa ameangukia jiko la uji. Mpishi wetu, mama mtu mzima mwenyeji wa pale, alikuwa amemvuta miguu kumtoa kwenye makaa, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshaungua.

Mimi nilisimama mlangoni. Nimejitetea mara nyingi moyoni mwangu kwamba nilikuwa natafuta la kufanya, lakini ukweli ni kwamba niliogopa lile povu. Tulikua tukiambiwa kwamba likikugusa na wewe utaanguka. Mama mpishi alivua kitenge chake, akakikunja na kukiweka chini ya kichwa cha yule binti, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, njoo umshike," alisema. "Huyu ni mtoto wa watu."

Nilikwenda. Lakini kufika kwangu, mtikisiko ulikuwa umekwisha.

Kabla ya chakula cha mchana wenzake watatu wa chumbani walikuwa wamebeba magodoro yao na kuhamia ukumbini. Hakuna aliyewaambia wahame, na mimi sikuwaambia warudi.

Tabibu wa zahanati alimfunga mkono, akampa vidonge vya kumeza kila siku, halafu akaomba kuzungumza na sisi walimu. Alisema kifafa ni ugonjwa wa ubongo na hauambukizi, si kwa povu wala kwa kitu kingine. Mtu akianguka, aondolewe vitu vya kumwumiza, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, watu wasubiri. Mkuu wa chuo alisikiliza yote, akashukuru, na tabibu alipoondoka akaniambia kwamba anafikiri binti arudi kwao. Hakuwa mtu mkatili. Alisema hataki kumwandikia mzazi barua ya kumwambia mtoto wake ameungua mpaka kufa.

Nilipewa kazi ya kumwarifu. Nilimkuta kwenye chumba cha wagonjwa, ameshaanza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Ningesema, mngenipokea?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

Nilikaa kitandani nikamsaidia kukunja. Ndipo aliponieleza habari za mbwa. Alianza kuanguka akiwa na miaka saba, na yeye mwenyewe hajui kamwe ugonjwa unapokuja. Ni kama mtu amezima taa. Lakini mbwa huyo, ambaye walikuwa wanachunga naye, alianza siku moja kumzuia njiani. Alijipitisha mbele ya miguu yake, akalia kwa sauti nyembamba, akamvuta kanga kwa meno. Yeye alimfukuza kwa fimbo, na muda mfupi baadaye akaanguka. Ikawa hivyo tena, na tena. Mwishowe nyumba nzima ikajifunza: mbwa akianza kulia, binti anaacha anachokifanya, anakaa chini mbali na moto na maji. Kwa miaka minne hakuungua wala kuvunjika.

Nilimsikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayeeleza kwa nini hakuleta daftari. Hata hivyo nilikwenda zahanati kumuuliza tabibu. Alitabasamu, akasema hajawahi kusoma kitu kama hicho, ila yapo mambo mengi ambayo hajayasoma. Vidonge ndiyo dawa, alisema, na mbwa aliyechanjwa hawezi kuvidhuru vidonge.

Nikamwendea mkuu wa chuo, nikamwomba amwache binti muhula mmoja, pamoja na mbwa wake. Alivua miwani na kuifuta.

"Kanuni ya kukataza uliiandika wewe," alisema. "Basi andika na ya kuruhusu. Walimu wakiikubali, mlete huyo mbwa."

Sikujua kwamba kuruhusu ni kazi ngumu kuliko kukataza. Kukataza kulinichukua mstari mmoja. Kuruhusu kulinimalizia karatasi za kaboni za wiki nzima. Nilipopeleka rasimu ya kwanza, iliyosema mwanachuo fulani kutoka Usangu anaruhusiwa kuwa na mbwa wake, mkuu aliirudisha na kusema hatuwezi kuwa na kanuni ya mtu mmoja; niandike kwa namna ambayo mwingine akija na shida yake, ajikute ndani yake. Nikaandika upya: mnyama atakayeruhusiwa ni yule anayemsaidia mwanachuo mwenye ugonjwa au ulemavu. Kuwe na barua ya tabibu. Mnyama achanjwe na bwana mifugo. Asiingie jikoni wala bwaloni, na wakati wa vipindi afungwe kamba nje. Mwenye mnyama ndiye atakayemlisha na kusafisha uchafu wake, na siku akiugua, wenzake wapokezane. Mnyama akimuuma mtu, ruhusa inafutwa.

Kwenye kikao cha walimu, mwalimu wa kilimo alikuwa wa kwanza kusimama. Alizungumzia kichaa cha mbwa, na alikuwa na haki, maana kijijini kwao alikuwa ameona mtu akifa nacho. Halafu akauliza, kesho akija mwingine na kusema tetea wake anamtuliza moyo, tutamjibu nini? Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini mwalimu mmoja wa kike, mkubwa kuliko sisi sote, aliyezika mume wake mwaka ule ule, hakucheka. Alisema huyo naye tutamkalisha na kumuuliza kama tulivyomuuliza huyu. Tusikilize kwanza, ndipo tukatae au tukubali. Kicheko kikaisha. Kanuni ikapita, mwalimu wa kilimo akiomba iandikwe kwamba yeye ana wasiwasi. Nikaandika.

Walibaki wenzake wa chumbani. Wawili walikubali kurudi baada ya tabibu kuja kuzungumza na bweni zima. Wa tatu alikuwa binti Mwislamu kutoka Iringa mjini, mtulivu, anayesali sala zote tano. Alinifuata ofisini peke yake.

"Mwalimu, mbwa akinilambia nguo ninazosalia, nina kazi ya kuzitwaharisha kila mara," alisema. "Simchukii mwenzangu. Naomba usinifikirie hivyo."

Nilimwambia simfikirii hivyo, na siku hiyo hiyo nikaongeza kifungu: asiyeweza kukaa chumba kimoja na mnyama, kwa sababu ya dini, afya au hofu, atahamishwa bila kuulizwa mara ya pili na bila kunung'unikiwa. Alihamia chumba cha mkabala. Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie yale maelezo ya tabibu, ayaweke kwenye daftari lake.

Mbwa nilimfuata mwenyewe. Nilipanda basi hadi Chimala, nikalala kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye, na asubuhi nikaingia uwandani kwa miguu, kando ya mashamba ya mpunga, mpaka kwenye boma la miiba. Baba yake alikuwa anafunga lango la zizi.

"Umeifuata mbwa, mwalimu?" aliuliza, kana kwamba alikuwa ananisubiri tangu siku ile.

Nilipewa kiti cha miguu mitatu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Niliwaeleza habari za mkono ulioungua, na mama yake akaniomba nionyeshe kwenye mkono wangu mwenyewe ni mahali gani na kwa ukubwa gani. Nilionyesha. Akanishika pale pale nilipoonyesha. Mzee akauliza, na ile karatasi? Nikasema imebadilishwa, nikatoa nakala kwenye mkoba. Akaniomba nimsomee, mstari kwa mstari. Nilipofika panaposema mnyama atafungwa kamba nje wakati wa vipindi, aliinua mkono.

"Ukiifunga, haitafanya kazi," alisema. "Lazima ikae inamnusa."

Nilikuwa nimeandika kanuni nzima juu ya mbwa huyo, nikawauliza mkuu wa chuo, walimu, tabibu na wanabweni. Waliomlea mbwa mwenyewe sikuwa nimewauliza. Nikatoa kalamu, nikaukata mstari ule mbele yake, nikaandika kwamba mnyama atakaa karibu na mwenye naye, darasani pia. Nilijua nitapaswa kulieleza hilo kwa mkuu nikirudi. Mzee alitazama wino ukikauka, akaridhika.

Bwana mifugo wa Chimala alimchanja mbwa na kunipa cheti. Utingo wa basi alikataa cheti na mbwa. Tulikaa kando ya barabara hadi alasiri, mimi nimeshika ncha ya kamba kwa mbali kadiri iwezekanavyo, mpaka lilipokuja lori lililokuwa limeshusha mbao Mbeya na sasa linarudi tupu Mafinga. Mbele kulikuwa kumejaa. Dereva akasema kama sioni vibaya, nyuma kuna nafasi, mimi na mzigo wangu. Kwa hiyo nilisafiri nyuma ya lori, juu ya maganda ya mbao, na mnyama niliyekuwa nimemwogopa tangu utoto. Tulipoipita Makambako baridi ilianza kukata, na yeye akaja taratibu, akajilaza kwenye miguu yangu bila kuniomba ruhusa. Nilitaka kuivuta miguu. Lakini alikuwa na joto, na barabara ilikuwa ndefu. Nikaiacha.

Msichana alikuwa anaanika nguo kwa mkono mmoja tulipofika chuoni. Mbwa hakuruka wala kubweka. Alikwenda moja kwa moja, akaunusa ule mkono uliofungwa bandeji kwa muda mrefu, halafu akakaa juu ya miguu ya msichana. Binti aliendelea kuanika, akimwaga machozi kwenye nguo zilizokuwa zimelowa tayari.

Kisha wiki tatu zikapita bila jambo lolote. Mbwa alilala kwenye gunia chini ya kitanda, alikwenda darasani, alisinzia wakati wa somo la saikolojia kama wanachuo wengine. Minong'ono ikaanza kwamba mwalimu mlezi amesafiri mpaka Usangu kuleta mbwa wa kawaida. Mwalimu wa kilimo alikuwa akimtazama mbwa, kisha ananitazama mimi. Nilianza kufikiri kwamba vidonge ndivyo vilivyofanya kazi yote, na kwamba hilo lingekuwa jema pia.

Ijumaa moja alasiri tulikuwa bustanini, darasa zima, tunapalilia kabichi. Mbwa aliyekuwa amelala kwenye tuta aliinuka ghafla. Alikwenda akasimama mbele ya binti, akaanza kulia kwa sauti nyembamba kama ya kitoto kichanga, akauma pindo la kanga. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Nilimwona binti akilaza jembe chini, akatoka kwenye matuta mpaka penye nyasi, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inakuja."

Tulisimama tukimtazama. Nilihesabu moyoni hadi nikaacha kuhesabu. Ndipo alipoanguka, pale pale kwenye nyasi, hana cha kumwumiza.

Aliyemfikia wa kwanza alikuwa yule binti wa Iringa. Alipiga magoti, akamlaza ubavu, akasogeza jiwe dogo, akawaambia wengine watoe nafasi apate hewa. Mbwa alimpisha, akajilaza upande wa pili. Wengine walisogea, mmoja akavua sweta akalikunja, mwingine akakimbia kunawa mikono ili alete maji safi ya kumpangusa akizinduka. Hakuna aliyekimbia kuondoka. Mimi nilikwenda nikamshika kiganja, na povu liliponigusa nililipangusa kwa kanga yangu na kuendelea kushika.

Alipofumbua macho na kuona watu wote wale wamemzunguka, aliona aibu, akavuta kanga usoni. Binti wa Iringa akamwambia, "Pumzika, tumekumalizia matuta yako." Haikuwa kweli, lakini baada ya hapo waliyamaliza kweli. Mwalimu wa kilimo ndiye aliyelibeba jembe lake kulirudisha stoo.

Sitaki kusema kwamba mbwa yule hakukosea. Katika miaka miwili alilia mara mbili bila kitu kutokea, na mara moja hakulia kabisa, binti akaanguka kwenye ngazi za bwalo akapasuka paji la uso. Siku hiyo wengine walitaka tuanze mjadala upya. Hatukuuanza. Kufikia wakati huo bweni zima lilikuwa linajua la kufanya, na lilifanya.

Alifaulu. Siku ya kuripoti kazini nilimsindikiza hadi ofisi ya elimu Mbeya, kwa sababu nilihisi kuna jambo. Na lilikuwepo. Afisa alifungua faili, akasoma barua ya tabibu, akakunja uso. Akaniuliza mimi, si yeye, itakuwaje akianguka mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Nilifungua mdomo kujibu, lakini msichana alinitangulia.

"Nikianguka wataniona nikianguka," alisema, "halafu wataniona nikiamka, tuendelee na somo. Na kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wangu humo darasani, ataniona pia."

Afisa aliurudia ukurasa wa faili. Akauliza kama huyo mbwa aliyeandikwa humu kwenye faili bado yupo. Binti akasema yupo, yuko nje penye mti wa mkalitusi, na kama mheshimiwa anataka kumwona anaweza kumwita kwa mluzi. Afisa akasema hapana, haina haja, akacheka kidogo, akagonga muhuri. Alimpa shule isiyo mbali na Chimala, na akaandika barua ya kumwelezea mwalimu mkuu wa huko.

Tulikwenda stendi, tukala wali na maharage kwa mama mmoja aliyekuwa anapika kwenye kibanda cha mabati. Basi lake lilikuwa bado halijajaa. Nilitegemea tutaagana kwa maneno mazito, na nilikuwa nimeyaandaa. Badala yake alitoa daftari jipya, akafungua ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Mwalimu, wewe ungeanza na irabu au ungeanza na majina yao wenyewe?"

Nikamwambia mimi ningeanza na majina yao. Akasema yeye anafikiri irabu. Tukabishana hivyo, yeye dirishani na mimi chini, mpaka dereva alipowasha gari.